Shaaban Robert: Karani Aliyeandika Bila Kungoja Nafasi



Tulipoombwa tuandike juu ya maisha ya mtu aliyetangulia mbele ya haki ambaye ametufaa sisi wenyewe, wengi wenu mlichagua masahaba na maimamu, na mmefanya vyema. Mimi nimemchagua karani wa serikali kutoka Tanga. Hakuwa sheikh wala hakuwa na darsa msikitini. Alivaa shati la kazi, akaenda ofisini asubuhi, akarudi jioni kwa mkewe na watoto wake, na katika mabaki ya siku zake akaandika vitabu ambavyo watu wanaosoma Kiswahili hawajaviacha mpaka leo. Huyo ni Shaaban Robert, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nitaeleza kwanza kwa nini nimemtafuta yeye, kisha nitasimulia maisha yake.

Wazazi wangu wanaishi Nakivale, wilaya ya Isingiro, tangu tulipotoka Kivu nikiwa mtoto. Wakati wa likizo nafanya kazi mjini Mbarara, katika duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi, na mwisho wa wiki napanda taksi kurudi nyumbani. Nimo mwaka wa tatu wa masomo ya Kiislamu. Na kwa miaka miwili sasa naandika riwaya kwa Kiswahili. Ni wachache wanaojua jambo hili. Riwaya yenyewe imo katika madaftari manne ya mistari, na moja liliroa turubai letu lilipopasuka katika mvua za Aprili, wino ukachanganyika na maji, kurasa kumi na tisa zikapotea.

Mnaoishi na familia mnajua jinsi kuandika kunavyokatizwa. Ukikaa tu, jerikani ni tupu na foleni ya bombani inazidi kurefuka. Ukirudi, mdogo wako ana homa. Siku ya mgao ni siku nzima ya kusimama juani, na tangu mgao upunguzwe, siku zinazobaki ni za kutafuta kibarua cha kuziba pengo. Mbarara nako nachapa maneno ya watu wengine tangu asubuhi: barua za maombi ya kazi, ripoti, kadi za harusi. Jioni vidole vimechoka, na umeme ukikatika hakuna la kufanya.

Nilikuwa nimeweka akiba ya kutoa nakala hamsini za riwaya yangu, nizifunge mwenyewe pale dukani na kuziuza mkononi. Mdogo wangu akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mama hakuniomba kitu. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake nikakuelewa. Nilitoa akiba yote. Usiku ule niliyafunga madaftari katika mfuko wa plastiki, nikayasukuma chini ya kitanda, nikajiambia kwamba kuandika ni kazi ya watu wenye nafasi, na mimi si mmoja wao.

Baada ya wiki chache nilimtembelea mwalimu mmoja mzee, jirani yetu wa Base Camp aliyefundisha miaka mingi Uvira. Alikuwa na nakala ya Kusadikika isiyo na jalada, imeshonwa kwa uzi wa nailoni. Nilimwuliza, mwandishi huyu aliishi kwa kazi gani? Nilitazamia aniambie alikuwa mwandishi. Akanijibu kwamba alikuwa karani wa forodha. Nilirudi nyumbani na neno hilo kichwani, karani wa forodha, nikaanza kutafuta habari zake.

Mtoto wa Vibambani

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga, wakati Tanganyika ingali chini ya Wajerumani. Alikua katika Vita Kuu ya Kwanza, na alipofika umri wa kwenda shule, bendera ilikuwa imebadilika na Waingereza ndio waliotawala.

Asili ya wazazi wake ni Wayao, watu wa kusini. Yeye mwenyewe alijiita Mswahili. Lugha aliyokuja kuitukuza kuliko watu wote wa zama zake ilikuwa ya pwani ambako ukoo wake ulifika na kukaa. Hili lilinigusa. Sisi wa Nakivale tumetoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na tukikutana sokoni mara nyingi ni Kiswahili kinachotukutanisha. Kuna wanaotuambia kwamba Kiswahili chetu ni cha kuokota. Kwa Shaaban Robert swali la nani mwenye lugha lilijibiwa na kazi. Aliyeitumikia akaipamba ndiye aliyekuwa mwenyewe.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926. Kati ya watu kumi na mmoja waliofaulu na kupewa cheti cha kumaliza shule, yeye alikuwa wa pili. Elimu yake ya darasani iliishia hapo. Hakuingia chuo kikuu, kwani Tanganyika haikuwa nacho. Sisi tunaosoma gazeti hili tumekaa darasani miaka mingi kuliko yeye.

Miaka thelathini na minne ya ofisi

Mwaka huohuo wa 1926 akaajiriwa kuwa karani wa forodha. Kazi hiyo aliishika hadi 1944, Pangani na vituo vingine. Kuanzia 1944 hadi 1946 alikuwa katika idara ya wanyama. Kisha akarudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya mkuu wa wilaya hadi 1952, na baada ya hapo katika ofisi ya upimaji ardhi hadi 1960. Jumlisha: ni miaka thelathini na minne ya kufuata saa ya mtu mwingine.

Nawaomba msiipite miaka hiyo haraka, maana wasifu wake ukisimuliwa huorodheshwa vitabu tu, kama kwamba alizaliwa na kalamu mkononi na meza tupu mbele yake. Karani wa forodha wa enzi ya ukoloni alihesabu mizigo, akajaza daftari za ushuru, akaandika barua za wakubwa. Alihamishwa walipotaka wakubwa. Alikuwa Mwafrika katika utumishi ambao ngazi za juu hazikuwa zake hata angekuwa hodari vipi. Mtu wa namna hiyo akirudi nyumbani jioni, hakuna ambaye angemlaumu kwa kulala.

Lakini alianza kutunga. Katika miaka ya 1930 mashairi yake yalikuwa yakitoka katika Mambo Leo, gazeti la serikali lililosomwa Tanganyika nzima. Hapo ndipo jina lake lilipoanza kujulikana, ubeti kwa ubeti. Nadhani ushairi ulimfaa mtu wa saa za mabaki. Ubeti mmoja unaweza kuubeba kichwani njiani kutoka ofisini, ukaurekebisha ukitembea, ukauandika ukifika. Nimejaribu jambo hilo kwa sentensi za riwaya nikiwa kwenye foleni ya maji, na linawezekana.

Alimwandikia pia barua nyingi ndugu yake, Yusuf Ulenge. Barua hizo za kuanzia 1931 hadi 1958 zilikusanywa na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 2002, miaka arobaini baada ya kufa kwake. Ni barua za mtu wa kawaida mwenye familia na kazi, na ndani yake vitabu vinatajwa pamoja na mambo ya nyumbani. Kwangu, kuwepo kwa barua hizo ni fundisho. Alikuwa na mtu mmoja wa kumweleza. Anayeandika peke yake anahitaji walau mmoja anayejua kwamba anaandika.

Amina

Mwaka 1942 mke wake wa kwanza, Amina, akafariki. Shaaban Robert alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Alimtungia shairi la maombolezo ambalo wanafunzi wa Kiswahili wanalijua hadi leo kwa jina hilohilo la Amina.

Hapa nataka kusema jambo ambalo sikulikuta katika wasifu wake nilizozisoma. Nyuma ya kila ukurasa wa mwanamume aliyeandika jioni palikuwa na mtu aliyechota maji, aliyepika, aliyewanyamazisha watoto. Mimi ndiye ninayechota maji kwetu, kwa hiyo naliona. Amina alipokufa, pengo halikuwa la moyo tu, lilikuwa pia la nyumba. Mwandishi alibaki na watoto wa kulea, ofisi ya kwenda, na vita vya dunia vikiendelea huku bidhaa zikiwa adimu.

Alichokifanya ni kuyaingiza malezi ndani ya uandishi. Alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha, Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Zote mbili zimo katika kitabu cha maisha yake. Hakusema watoto wakikua nitaandika. Aliwaandikia wao. Kilichokuwa kinamkatiza akakigeuza kuwa kitabu.

Na vita navyo akaviandika. Utenzi wa Vita vya Uhuru, juu ya vita vya 1939 hadi 1945, una takriban beti elfu tatu. Fikirini beti elfu tatu za mtu mwenye ajira ya kutwa. Hakuna likizo inayotosha kazi hiyo. Inawezekana kwa njia moja tu, kidogo leo, kidogo kesho, na keshokutwa tena.

Riwaya chini ya macho ya wakubwa

Mnamo 1951 ilitoka Kusadikika, na 1952 Adili na Nduguze. Kwa asiyeisoma Kusadikika, ni hadithi ya nchi iliyo angani, ambako kijana Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mema ya kuifaa nchi, na kila mmoja badala ya shukrani akatiwa gerezani.

Wasomaji wengi wameiona nchi ya Kusadikika kuwa ni Tanganyika ya wakoloni. Aliyeiandika alikuwa anakula mshahara wa serikali hiyohiyo. Hakuweza kusema wazi, kwa hiyo akaipandisha nchi angani. Mwenzangu mmoja wa darasani aliwahi kuniambia kwamba riwaya ni uongo na kwamba mwanafunzi wa dini asipoteze umri kwa uongo. Sikuwa na jibu siku ile. Leo ningemwambia aitazame Kusadikika. Kila asomaye anajua kwamba nchi hiyo haipo, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa, lakini dhulma iliyomo ni ya kweli. Na ningemkumbusha Ibn Tufayl wa Andalusia, tabibu na mtu wa baraza la khalifa katika karne ya 12, aliyeandika hadithi ya Hayy ibn Yaqzan, mtoto aliyekua peke yake kisiwani akamtafuta Muumba wake kwa kufikiri. Wanazuoni wameisoma karne kwa karne. Mfano ni njia ya kufundisha iliyo kongwe kuliko madarasa yetu.

Adili na Nduguze ni hadithi ya ndugu watatu, ambamo wivu unawageuza wawili kuwa maadui wa yule aliyewatendea mema. Majina ya watu wake yanasema tabia zao waziwazi. Wako wanaomlaumu kwa hilo, kwamba anahubiri kupita kiasi. Nami nakiri kwamba zipo kurasa ambazo mawaidha yameizidi hadithi. Lakini alikuwa mtu aliyeamini kwamba kitabu kina deni kwa msomaji, na deni hilo ni kumwacha akiwa bora kidogo.

Posta, wachapishaji, na kabati

Sasa tufike kwenye jambo lililonihusu mimi zaidi. Vitabu vya Shaaban Robert vilichapishwa vipi?

Mwandishi wa Tanga wa zama zile alitegemea posta. Pambo la Lugha, mashairi yake, lilichapishwa Johannesburg na chuo kikuu cha Witwatersrand mwishoni mwa miaka ya 1940. Vitabu vingine vilitoka kwa kampuni za London. Mswada ulisafiri kwa meli, jibu likarudi kwa meli, na katikati mwandishi alikaa kaunta ya ofisi akiendelea na mihuri. Hakutajirika. Alipata heshima, ikiwemo tuzo ya Margaret Wrong na nishani ya MBE ya serikali ya Uingereza, na alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Lakini heshima hailipi karo.

Mfano mmoja wa kungoja. Kabla ya Siti binti Saad kufariki mwaka 1950, Shaaban Robert alikutana naye Zanzibar na kumhoji. Siti alikuwa binti wa watu maskini wa kijijini, mfinyanzi wa vyungu aliyekuja kuwa mwimbaji mashuhuri wa taarabu, na sauti yake ikatiwa katika santuri. Wasifu huo, ambao sijui mwingine wa Kiswahili wa wakati ule uliompa mwanamke fukara heshima kama ile, ulichapishwa 1958. Siti hakuuona.

Na hapo, akiwa na umri wa karibu miaka hamsini, karani huyu alifanya jambo ambalo nililisoma mara mbili. Alianza kuchapisha mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vitabu vyake kama Masomo Yenye Adili vilitoka Tanga kwenyewe, chini ya jina la Art and Literature, chombo chake mwenyewe cha uchapishaji. Miaka hiyohiyo, mbali na Tanga, Nakivale ilikuwa inaanzishwa ili kupokea wakimbizi kutoka Rwanda. Kwa hiyo nikikaa na madaftari yangu manne nikiwaza nakala hamsini za kufunga kwa mkono, sifanyi jambo la kijinga kama nilivyoogopa. Bingwa wa lugha hii alilifanya kabla yangu, kwa sababu hakutaka kungoja tena.

Alistaafu 1960. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, naye akauona. Juni 1962 akafariki, na akazikwa Vibambani alikozaliwa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Miaka ambayo hatimaye ilikuwa yake mwenyewe, bila ofisi, ilikuwa miwili tu. Laiti angeingoja ndipo aanze kuandika, leo tusingekuwa na kitu.

Vilivyobaki kabatini

Aliacha miswada ambayo haijachapishwa. Kufikirika, riwaya aliyoiandika katika miaka ya 1940, ilitoka 1967, na Utenzi wa Vita vya Uhuru nao ukatoka mwaka huo. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka 1968. Ina maana alikufa huku sehemu kubwa ya kazi yake ikiwa karatasi ndani ya nyumba, ambazo panya au mvua vingeweza kuzimaliza.

Utubora Mkulima inanigusa kuliko zote. Utubora ni mtu anayeacha kazi nzuri ya mshahara mjini Unguja, akaenda shamba kushika jembe, akatafuta maisha ambayo ni yake. Aliyeiandika alikuwa mwajiriwa tangu ujana, na hakuacha ajira hadi alipostaafu. Alimtuma Utubora aende mahali ambapo yeye, mwenye watoto wa kulisha, hakuweza kwenda.

Nilipofika hapa katika kutafuta kwangu nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimefikiri kwamba kinachomfanya mwandishi aendelee ni kuona kitabu chake mkononi. Kwa riwaya hizi Shaaban Robert hakupata hilo. Kufikirika ilikaa zaidi ya miaka ishirini, na mwenyewe amelala Vibambani ilipofika kwa wasomaji. Na katika miaka hiyo aliendelea kuandika nyingine. Basi alikuwa anaandika kwa ajili ya nini?

Jibu langu ni la mwanafunzi wa dini, na mwenye jibu bora atanisahihisha. Aliichukua lugha na kipaji kuwa amana. Mwenye amana hangoji kulipwa ndipo ailinde, na wala haulizi kama atakuwepo siku mwenyewe atakapokuja kuichukua. Sisi tunafundishwa kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa milango michache, na mmojawapo ni elimu yenye manufaa anayoiacha nyuma. Tunaijua hadithi hiyo kwa moyo tangu madrasa. Shaaban Robert anaonyesha jinsi inavyofanana ikiwa ni kabati la miswada katika nyumba ya karani.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tusidanganyane kwamba hali zetu ni sawa na yake. Yeye alikuwa na mshahara wa kila mwezi na paa lisilopasuka. Wengi wetu hatuna. Lakini alichokosa ni kilekile tunachokosa, saa ambazo ni zako peke yako. Hilo hakulipata, na hakuligeuza kuwa udhuru.

Pili, Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Tunaitumia hadithi hii kwa sala za sunna na kisomo cha Qur'ani, na ni haki yake. Naamini inaufaa pia utafiti wako wa mwaka wa mwisho, na daftari lako la mashairi, na kitabu chochote unachokiandika kwa nia safi. Nusu ukurasa kwa siku ni zaidi ya kurasa mia moja na themanini kwa mwaka.

Tatu, kinachokukatiza hakikuibii daima. Kabla ya haya nilikuwa nikimwona mdogo wangu mwenye homa kuwa adui wa riwaya yangu, na nikaona haya nilipoligundua hilo. Karo niliyolipa haikuwa hasara ya kitabu. Yeye akijua kusoma, huenda akawa msomaji wangu wa kwanza. Haki ya mzazi na ya ndugu haiwekwi kando kwa ajili ya kitabu, na kitabu nacho hakihitaji kutupwa kwa sababu yao. Vyote viwili vinataka subira.

Wiki tatu zilizopita niliyatoa madaftari chini ya kitanda. Nilianza kwa kuzinakili upya zile kurasa kumi na tisa zilizoroa, nyingine kwa kukumbuka, nyingine kwa kubahatisha. Naandika baada ya sala ya Alfajiri, kabla sijabeba jerikani, kwa taa ya sola inayokaribia kuzima. Kuna siku nimeandika sentensi mbili. Kuna siku sikuandika hata moja, kwa kuwa Mama aliamka akiumwa. Mpaka leo nimefika ukurasa wa kumi na moja kati ya kumi na tisa. Akiba ya nakala hamsini imeanza upya na bado ni ndogo sana.

Yule mwalimu mzee nimemwambia kwamba naandika. Hakusema mengi. Aliniazima Kusadikika yake ya uzi wa nailoni nikae nayo hadi likizo iishe, na akaniambia nikimaliza nimpelekee madaftari ayasome kabla macho yake hayajamtupa. Sasa nina tarehe ya kuwahi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Shaaban Robert, amsamehe alipokosea, aijaalie elimu aliyoiacha iwe nuru katika kaburi lake. Atujaalie nasi ikhlasi katika tunachokifanya na kudumu nacho, na atulindie wazazi wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.